Marekani: njia ngumu ya Mkongo anayetafuta permi ya kamiyo kubwa

Saa moja ya asubuhi, baridi inauma masikio. Kwenye kiwanja cha shule ya udereva, mwanafunzi amepiga goti kando ya gurudumu la kamiyo, na kidole chake kimegusa kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja. Kipande hicho anakijua vizuri. Kule Bukavu alikifungua na kukifunga mara nyingi, saa zingine usiku, simu yenye taa ikiwa kati ya meno. Ndicho kinachorekebisha nafasi kati ya breki na ngoma ya gurudumu, na kikilegea kamiyo haisimami. Lakini mwalimu hakuuliza kinafanya kazi gani. Anataka jina lake kwa Kingereza, na jina halitoki.

Anatoa karatasi mfukoni. Juu yake ameandika maneno kama anavyoyasikia: slaki ajasta, breki chemba, pushi rodi, lifu spring. Kingereza cha karatasi hiyo Mwamerika hawezi kukisoma, lakini Mkongo yeyote anaweza. Anasoma, anainama tena, anagusa chuma, anasema. Mwalimu anaitika kwa kichwa na kusogea kwenye kipande kinachofuata. Vimebaki makumi.

Picha hii, kwa sura tofauti, inarudiwa kila juma katika miji ambako Wakongo wa mashariki wamehamia: Louisville na Lexington katika jimbo la Kentucky, Dallas na Abilene katika Texas, Des Moines katika Iowa, Dayton katika Ohio. Wengi walifika huko kwa njia ya kambi, kama Nyarugusu ya Tanzania au Nakivale na Kyangwali za Uganda, na wengine walipitia Burundi na Rwanda. Katika mwaka wa bajeti uliomalizika mwezi wa tisa 2024, Marekani ilipokea karibu wakimbizi Wakongo 20,000, wengi kuliko wa inchi nyingine yoyote. Mpango huo ulisimamishwa kwa amri ya raisi Donald Trump iliyosainiwa tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025. Waliokwisha kuingia ndio leo wanaotafuta kazi ya kuwainua.

Kazi ya kwanza mara nyingi ni kiwanda cha kuchinja nyama, bohari ya mizigo au usafi wa hoteli. Mtu anasimama saa nane hadi kumi mahali pamoja, mikono ndani ya baridi, na makuta anayopata yanaishia kwenye nyumba, umeme na mkopo wa tikiti ya ndege ambao kila mkimbizi anapaswa kurudisha, hata kama hauna riba. Kisha simu inalia kutoka Kivu. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na mabenki yakafunga milango. Familia nyingi zilibaki zinangojea feza inayoingia kwa simu kutoka kwa mtoto aliye Ulaya au Amerika.

Ndipo jina la kamiyo linapotajwa. Kulingana na ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, dereva wa kamiyo kubwa aliye katikati ya ngazi ya mishahara alipata dola 57,440 kwa mwaka, hesabu ya mwezi wa tano 2024. Kazi haiombi diploma ya chuo kikuu. Inaomba permi inayoitwa CDL, daraja la A, ile ya kuvuta remorki ndefu yenye magurudumu 18 kwa jumla na uzito unaoweza kufika paundi 80,000, yaani zaidi ya tani 36. Na kwa mtu aliyekulia karibu na kamiyo, hilo linaonekana kuwa jambo rahisi. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Shule ya barabarani na shule ya karatasi

Kwetu, shofere hazaliwi darasani. Anaanza kama msaidizi, yule anayepanda juu ya mizigo, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anayeruka chini kwenye mlima na kabari ya mti mkononi ili aiweke nyuma ya gurudumu kamiyo ikikataa kupanda. Anaosha, anabadilisha pine, anapika, anatukanwa. Miaka inapita. Siku moja shofere anachoka, anamwachia usukani kwenye eneo la tambarare, na huo ndio mtihani wake wa kwanza. Permi inakuja baadaye, na si siri kwamba zipo permi zilizopatikana bila mtu kukaa nyuma ya usukani mbele ya mkaguzi hata dakika tano.

Njia hiyo imetoa mashofere hodari. Mtu aliyeshuka Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, na mzigo kamili wakati wa mvua, anajua maana ya breki kuliko kitabu chochote. Anajua kusikiliza injini. Anajua kutengeneza kwa waya kile ambacho wengine wangekingojea juma nzima. Ila hakuna aliyewahi kumwomba aeleze anachokijua, hatua kwa hatua, kwa sauti, mbele ya mgeni anayeshika kalamu.

Na lugha ya kazi yake ni mchanganyiko. Gereji ya Goma au Bukavu inasema Kiswahili, lakini vyuma vina majina ya Kifaransa: resori, amortisere, ambreyaji, demarere, radiatere. Fundi wa miaka kumi na mitano anafika Kentucky na kugundua kwamba neno hata moja kati ya hayo halimsaidii. Kijana aliyekulia Nyarugusu, ambaye hakuwahi kushika ufunguo wa gereji, saa zingine anamtangulia, sababu alisoma Kingereza kidogo kwenye shule ya kambi. Hilo linauma, zaidi sana mukubwa anapolazimika kuomba mdogo wake amfundishe kutamka.

Upande mwingine, kijana huyo wa kambi ana shida yake. Tanzania na Uganda magari yanapita kushoto. Kongo na Marekani yanapita kulia. Macho yaliyozoea kutazama upande mmoja kabla ya kuvuka yanapaswa kufundishwa upya, na kosa la namna hiyo kwa mtu anayeendesha tani 36 halina nafasi ya pili.

Kabla ya usukani

Hatua za mwanzo zinapita haraka kwa mwenye bahati. Kwanza daktari: macho, presha ya damu, mkojo. Kuna kipimo cha masikio ambacho Wakongo wanakikumbuka kwa kicheko. Daktari anasimama umbali wa mita moja na nusu na kunong'ona, na mwanafunzi anapaswa kurudia alichosikia. Mtu anayehangaika kusikia Kingereza cha sauti ya kawaida anatakiwa sasa ashike kile kinachonong'onwa. Kisha kinafuata kipimo cha dawa za kulevya, pamoja na bangi. Hata kwenye majimbo ambako bangi inauzwa dukani, kwa dereva wa kamiyo bado ni marufuku, na jina la anayekamatwa linaingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri analifungua kabla ya kumpokea mtu.

Baada ya hapo kinakuja kitabu. Kila jimbo linatoa mwongozo wake bure, wenye kurasa zaidi ya 150, na ndani yake mwanafunzi anatafuta sehemu tatu anazozihitaji: maarifa ya jumla, breki za hewa, na magari yenye remorki. Alama ya kupita ni 80 kwa 100 katika kila sehemu. Maswali yenyewe yana mitego. Gari linalokwenda maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, linahitaji umbali gani ili lisimame? Jibu la kitabu ni futi 419, kama mita 128, pamoja na muda wa jicho kuona na mguu kusogea. Aliyezoea kilo, mita na kilomita anapaswa kuanza kufikiri kwa paundi, futi na maili, na hesabu inafanyika kichwani wakati saa ya kompyuta inahesabu.

Majimbo kadhaa yaliwahi kuruhusu mtihani huu wa maandishi katika lugha zingine. Mtihani wa vitendo ni Kingereza tupu, na mkalimani haruhusiwi.

Anayepita anapewa karatasi ya mwanafunzi, inayomruhusu kuendesha akiwa na mwenye permi kamili pembeni yake, na anapaswa kungoja siku 14 kabla ya kujaribu mtihani wa barabara. Tangu tarehe 7 mwezi wa pili 2022, sheria inamlazimu pia kupita shule iliyoandikishwa kwenye orodha ya serikali kuu. Hapa ndipo makuta yanapoliwa. Mara nyingi shule inaomba kati ya dola 3,000 na 8,000. Wengine wanakopa kwa ndugu na marafiki wa kanisa. Wengine wanakubali kampuni ya usafirishaji iwalipie, kwa mkataba wa kuitumikia muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja, na akiacha kabla ya muda kufika, deni lote linamrudia. Mikataba hiyo inaandikwa kwa Kingereza cha wanasheria, na wengi wanaisaini wakiwa wamesoma tu mstari wa mshahara.

Tena si kila shule ni shule. Mwezi wa kumi na mbili 2025, wizara ya usafiri ya Marekani ilitangaza kwamba karibu shule 3,000 zitaondolewa kwenye orodha kwa kutofuata masharti. Mtu aliyelipa kwenye shule isiyo kwenye orodha hafiki hata mbele ya mkaguzi. Kuangalia orodha hiyo kwenye intaneti hakulipishwi, na ni jambo la dakika mbili.

Kuisema kamiyo, kuanzia mbele hadi nyuma

Mtihani wa vitendo una sehemu tatu, zinazofuatana siku moja. Ya kwanza ndiyo inayowaangusha wengi kabla hata injini haijawaka.

Mwanafunzi anazunguka kamiyo na mkaguzi nyuma yake. Anagusa au anaonyesha kila kipande, anataja jina lake, kisha anaeleza kwamba hakikupasuka, hakikupinda, hakikuvunjika, na kimefungwa sawasawa. Waya za umeme, mipira ya hewa, resori, amortisere, boulon za magurudumu, pini kubwa inayounganisha remorki na kichwa cha kamiyo, taya za chuma zinazoikaba pini hiyo. Yale anayoyanyamazia yanahesabika kuwa hakuyaangalia. Kuona hakutoshi. Mkaguzi hawezi kuandika kile kilichobaki kichwani mwa mwanafunzi.

Kwa Mkongo wa miaka arobaini, hii ni kama kurudi darasa la kwanza. Watu wanabuni namna yao. Mmoja anarekodi sauti ya mwalimu kwenye simu na kuisikiliza usiku kucha kiwandani, kipaza sauti kidogo kikiwa ndani ya sikio moja. Mwingine anabandika karatasi kwenye gari lake dogo: anapofungua mlango anasoma jina la mlango, anapogusa kioo anasoma jina la kioo. Kwenye makundi ya WhatsApp zinapita video ambamo Mkongo aliyekwisha kupita anazunguka kamiyo, akitaja Kingereza kwanza, kisha akieleza kwa Kiswahili cha nyumbani ni kitu gani na kinavunjika vipi. Hizo ndizo shule za kweli za wengi, na hazilipishwi.

Hatari kubwa iko ndani ya kabini, kwenye kipimo cha breki za hewa. Mpangilio wake haubadilishwi. Injini inazimwa, ufunguo unabaki umewashwa, breki za kuegesha zinaachiliwa, mguu unakanyaga breki kwa nguvu dakika moja nzima, na hewa isipungue zaidi ya paundi 4. Kisha mguu unakanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, hewa ikishuka. Kengele na taa vinapaswa kuonya kabla sindano haijapita chini ya 55. Mguu unaendelea mpaka vibonyezo viwili mbele ya dereva, kimoja cha manjano na kimoja chekundu, viruke nje vyenyewe, kati ya 45 na 20. Haya yote mwanafunzi anayafanya huku anayasema, na namba zake.

Akiruka hatua moja, akasahau kutaja namba moja, mtihani unaweza kuishia hapo. Haijalishi kwamba vipande vingine vyote alivitaja bila kosa. Shofere aliyepambana na breki zilizochemka kwenye mlima anashushwa kwenye kabini kwa sababu ya kutosema hamsini na tano, na kwake hiyo ni dharau. Mkaguzi lakini hana kosa. Breki za hewa zikiisha pumzi bila dereva kujua, watu wanakufa, na njia pekee ya kujua kwamba mtu anafuata mpangilio ni kumsikia akiufuata.

Remorki inayokataa

Sehemu ya pili ni kurudi nyuma kati ya koni na mistari iliyochorwa chini. Kwanza kwa mstari ulionyooka, kisha kuhamia njia ya pembeni, na kwenye majimbo mengi kuingiza remorki kwenye nafasi nyembamba iliyo upande, kama anayeegesha kwenye mlango wa bohari.

Hapa uzoefu wa Kongo unaweza kuwa mzigo. Wengi waliendesha kamiyo za kipande kimoja, kama Fuso au benne za mchanga. Kamiyo hiyo ikirudi nyuma, unakata usukani kulia, mkia unakwenda kulia. Yenye remorki inafanya kinyume. Unakata kulia, kichwa kinasukuma pini, remorki inakwenda kushoto. Ukizidisha kidogo, kichwa na remorki vinakunjana kama kisu cha mfukoni, na mtu akiendelea kusukuma anavunja vitu. Mkono uliozoea miaka kumi unafanya kosa kabla kichwa hakijafikiri.

Walimu wana dawa ya zamani. Shika usukani kwa chini, si kwa juu. Mkono ukiwa chini, unakousogeza ndiko remorki itakakokwenda, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, na akili inapumzika. Dawa ya pili ni kwenda pole kiasi kwamba anayetazama kwa nje anachoka. Ya tatu ni kusimamisha kamiyo, kushuka na kwenda kutazama kwa macho. Mtihani unaruhusu kushuka, kwa idadi fulani ya mara. Kwa Wakongo wengi hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa kwetu shofere anayeshuka kutazama nyuma anachekwa. Ana msaidizi wa kupiga kelele: kata, kata, leta, simama! Huku msaidizi hayupo. Kuna vioo viwili, koni, na mtu mwenye karatasi aliyesimama mbali bila kusema neno.

Jambo moja lililokuwa sifa ya shofere wa Kongo halihesabiwi tena: kubadilisha vitesi. Makampuni makubwa mengi sasa yana kamiyo za otomatiki. Anayefanya mtihani kwenye otomatiki anaandikiwa kizuizi kwenye permi yake kinachomkataza kamiyo ya vitesi vya mkono, na vijana wengi hawajali. Wazee wanasikitika kidogo, kisha wanachagua otomatiki kama wengine.

Daraja lilikuwa na urefu gani?

Kwa sehemu ya tatu, mkaguzi anapanda na kukaa pembeni. Barabara ya mji, barabara kuu, njia ya reli, kona za kulia ambazo remorki inazikata kwa ndani. Gurudumu la nyuma likipanda ukingo wa barabara, au likimfanya mpita njia aruke, mtihani unaweza kumalizika papo hapo na safari ya kurudi inakuwa ya kimya.

Kuna swali moja linalowashika wengi. Kamiyo inapita chini ya daraja, mita mia mbili mbele mkaguzi anauliza: lile daraja lilikuwa limeandikwa urefu gani? Hakuna kurudi kutazama. Kamiyo ya kawaida ina urefu wa futi 13 na inchi 6, kama mita 4.11, na kwenye miji ya zamani yapo madaraja yaliyo chini ya hapo. Dereva asiyesoma kibao hicho anaacha paa la remorki chini ya zege. Mwanafunzi aliyekuwa ameshughulika na gari lililomkatia njia anajikuta hana jibu, ingawa aliendesha vizuri.

Na kichwa kinapaswa kugeuka. Kwetu, shofere mzuri anatazama mbele, mikono imetulia. Mkaguzi wa Marekani anataka kuona macho yakienda kwenye vioo kila baada ya sekunde chache, shingo ikizunguka kwenye kila njia panda. Wengi walikuwa wanatazama kwa pembe ya jicho, bila kuonyesha, na wakapoteza alama. Walimu wanawaambia waonyeshe wazi, hata kama wanajisikia kama waigizaji.

Anayeanguka anarudi nyumbani na habari ya kueleza. Kila jimbo lina masharti yake ya kurudia na ada yake, na tarehe nyingine inaweza kuwa juma tatu mbele. Wakati huo wote hana mshahara, au amerudi kiwandani zamu ya usiku na kusoma mchana. Kule Kivu walikwisha kuambiwa kwamba anaendesha kamiyo. Simu zinakuja, kila moja na shida yake: karo ya mtoto, dawa ya mama, nyumba iliyoachwa kwa kukimbia. Ni vigumu kumweleza mama aliyelala chini ya hema kwamba mwanawe, mwenye gereji zamani, ameanguka kwa sababu ya daraja.

Kingereza kandokando ya barabara

Hata permi ikipatikana, ulimi haujamaliza mtihani wake. Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa kamiyo asome na kuzungumza Kingereza cha kutosha kuongea na watu, kuelewa vibao, kujibu maofisa na kujaza ripoti. Sheria yenyewe ni ya zamani. Kwa miaka kadhaa tangu 2016, polisi wa barabara walikuwa wakiandika kosa hilo na kumwacha dereva aendelee. Tarehe 28 mwezi wa nne 2025, raisi Trump alisaini amri ya kuikaza, na tangu tarehe 25 mwezi wa sita mwaka huo, dereva anayeshindwa anasimamishwa pale pale.

Inafanyika hivi. Ofisa anazungumza na dereva kwa Kingereza: unatoka wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi. Asiporidhika, anamwonyesha vibao vya barabara na kumwomba aeleze maana yake. Simu yenye programu ya kutafsiri hairuhusiwi. Kumpigia ndugu ajibu hairuhusiwi. Kamiyo inabaki kandokando na mzigo wake mpaka kampuni itume dereva mwingine, na kampuni iliyotuma dereva mwingine leo inafikiri mara mbili kesho.

Kisha lipo jambo la makaratasi. Tangu mwezi wa tisa 2025, serikali ya Marekani ilianza kufunga mlango wa CDL kwa wageni wengi wenye vibali vya muda, wakiwemo wakimbizi na waomba hifadhi ambao bado hawana kadi ya kijani, na kesi zikafikishwa mahakamani. Mwenye kadi ya kijani au uraia hakuguswa na kanuni hizo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaweza kuomba kadi hiyo baada ya kukaa mwaka mmoja, na waliochelewesha maombi kwa uzembe au kwa kukosa wa kuwaeleza ndio waliojikuta na shule imelipwa na mlango umefungwa. Kabla ya kulipa hata dola moja ya shule, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kutafutwa.

Kwa aliyevuka yote hayo, kampuni inampa majuma kadhaa na dereva mzoefu. Wanaishi wawili ndani ya kabini moja, vitanda viwili kimoja juu ya kingine, mgeni akipanda cha juu. Saa zinahesabiwa na mashine: 11 za kuendesha ndani ya muda wa saa 14, kisha 10 za kupumzika, na hakuna kuongeza kwa siri. Mkongo anaingia na sahani yake ya plastiki yenye bugali na sombe, dereva mwenzake anauliza harufu hiyo ni ya nini, na hapo Kingereza kinaanza kusogea, kwa kuwa saa 11 kwa siku mtu hawezi kukaa kimya.

Kisha anaachwa peke yake. Usiku wa kwanza, kwenye maegesho ya kamiyo kando ya barabara kuu, anarudisha remorki kati ya kamiyo mbili nyingine. Anasimama, anashuka, anatazama nyuma, anapanda, anasogea mita moja, anashuka tena. Nyuma yake mwingine anangojea na taa zimewaka. Baada ya dakika kumi na tano anavuta vibonyezo viwili, cha manjano na chekundu, hewa inatoka kwa kishindo. Anatazama saa: Bukavu kumekucha. Anatafuta namba ya mama.